Mashindano ya Motokaa Katika Usiku wa Masika

Jina la Daraja Mbili, kata mojawapo ya jiji la Arusha, lina habari ya maji ndani yake kabla ya kuwa na habari ya watu. Arusha imekaa miguuni pa Mlima Meru, na kutoka katika mlima huo, ambao kimo chake chapita mita 4,500, hushuka Themi, Naura, Burka na vijito vingine vingi, vikielekea kusini kwenye mto Kikuletwa na hatimaye Pangani. Mtu hawezi kwenda mbali mjini humo bila kuvuka maji, na kwa hiyo si ajabu kwamba watu wahesabu madaraja na kuyafanya majina ya mahali. Wakati wa kiangazi baadhi ya vijito hivyo ni mawe matupu ambayo mbuzi huyapita bila kulowa kwato. Masika yaingiapo, kati ya Machi na Mei, mambo hugeuka. Mvua iliyonyesha mlimani jioni hufika bondeni kabla ya mapambazuko, na mtu aliyelala akiwa na njia huamka akiwa na mto.

Katika nchi ya namna hii, na katika majira hayo hayo, yalipitishwa kwa muda wa miaka ishirini hivi mashindano ya motokaa yaliyojulikana kwanza kwa jina la Safari ya Kutawazwa, na tangu mwaka 1960 kwa jina la Safari ya Afrika Mashariki. Mengi yameandikwa juu ya mashindano hayo, na karibu yote yameandikwa kama mambo yalivyoonekana kutoka ndani ya gari. Lakini usiku wa mvua gari halikwenda kwa nguvu ya injini na akili ya dereva peke yake. Lilikwenda pia kwa mikono ya watu waliosimama kando ya njia katika giza, na watu hao hawamo katika orodha ya washindi wala ya walioshindwa. Haifai kuisoma historia ya Safari kana kwamba hawakuwapo.

Mashindano ya kwanza yalifanywa tangu tarehe 27 Mei hadi 1 Juni mwaka 1953, kwa heshima ya Malkia Elizabeth wa Pili, aliyetawazwa London siku iliyofuata. Waasisi wake walikuwa walowezi wa Kenya, Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent miongoni mwao, ambao hawakuridhika na michezo ya kuzungukazunguka katika kiwanja kimoja, wakataka njia itakayopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yafaa kukumbuka hali ya nchi hizo mwaka huo. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952, na maelfu ya watu wake hawakuwa na ruhusa ya kutoka katika wilaya moja kwenda nyingine hata kwa miguu. Upande wa Meru jeraha lilikuwa bichi zaidi. Mnamo Novemba 1951 serikali ilianza kuwahamisha kwa nguvu Wameru kama 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili nchi yao wapewe walowezi wa kizungu wafugie ng'ombe, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kulieleza shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Basi katika mwaka ambao wenyeji wa Meru walikuwa wakililia ardhi yao, njia ya Tanganyika ikafanywa kuwa uwanja wa mchezo. Waliochora ramani ya mashindano hawakuona haja ya kuwauliza waliokaa kando yake.

Baada ya miaka michache mashindano yalihamishwa yakafungamanishwa na sikukuu ya Pasaka. Sababu iliyo dhahiri ni kwamba Pasaka ina siku nne za mapumziko, tangu Ijumaa hadi Jumatatu, na mfanyakazi au mwenye duka aliweza kuacha kazi yake bila hasara. Walakini uamuzi huo mdogo wa kalenda ulileta mambo mawili pamoja, na yote mawili yalihusu usiku. Pasaka huadhimishwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu ufuatao tarehe 21 Machi; haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Ndiyo kusema kwamba kila mwaka mashindano yaliangukia katika masika, na kila mwaka yaliangukia pia katika siku za mwezi mkubwa. Kalenda ya Kanisa ilimpa dereva taa bora kuliko zote, kisha ikamfunikia taa hiyo kwa wingu.

Mwaka 1968 ni mfano mzuri. Pasaka ilikuwa tarehe 14 Aprili, na mwezi ulikuwa mpevu kabisa usiku wa kuamkia tarehe 13. Laiti mbingu zingalikuwa safi, dereva angaliona ukingo wa njia, mti na mnyama hata nje ya mwanga wa taa zake. Mbingu hazikuwa safi. Mvua za mwaka ule zilikuwa miongoni mwa mvua kali zilizopata kuonekana katika mashindano hayo, na mwezi ulipita juu ya mawingu bila kumfaa mtu. Jambo jingine laweza kumvutia mpenzi wa hesabu: Pasaka ya mwaka 1963 na ya mwaka 1974 pia ziliangukia tarehe 14 Aprili, na hiyo nayo ilikuwa miaka ya matope mengi. Si busara kuifanya sadfa hiyo kuwa kanuni. Mwaka 1973 Pasaka ilichelewa mpaka tarehe 22 Aprili, yaani ndani kabisa ya masika, wala mashindano ya mwaka huo hayatajwi katika habari za mafuriko.

Msomaji ambaye hajapata kuendesha gari usiku katika mvua aweza kudhani kwamba taabu yake ni upungufu wa nuru. Taabu yenyewe ni kwamba nuru huenda mahali pasipotakiwa. Njia kavu ina uso wa kukwaruza; huitawanya nuru ya taa kila upande, na sehemu yake humrudia dereva machoni, akaiona njia. Njia iliyolowa ni kama kioo kilicholazwa chini. Nuru huigonga ikateleza kwenda mbele, isirudi, na mbele ya gari hubaki weusi mtupu. Matone yaliyo hewani hufanya kinyume chake: hayo huirudisha nuru yote, yakawa kama pazia jeupe. Kwa hiyo dereva hakioni anachokitafuta, na asichokitaka humjaa machoni. Akiongeza nuru, pazia huzidi weupe. Ndiyo maana washindani walifunga taa za ziada chini kabisa, karibu na bampa, ili mwanga upite chini ya pazia hilo.

Vyombo vyenyewe vilikuwa na udhaifu ambao leo umesahauliwa. Motokaa za Ford za Kiingereza za wakati ule, Zephyr ikiwa mojawapo, zilikuwa na waipa zilizoendeshwa kwa mvuto wa hewa wa injini badala ya umeme. Dereva alipokanyaga mafuta ili apande kilima, mvuto ulipungua na waipa zikalegea, pengine zikasimama kabisa. Kioo kikazibika palepale alipohitaji kuona. Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Zephyr mwaka 1955 pamoja na hayo. Volkswagen ilikuwa na umeme wa volti 6 tu, na taa zake zilikuwa hafifu, lakini injini yake ilikuwa nyuma, juu ya magurudumu yaliyosukuma, na tumbo lake lilikuwa bapa kama la mtumbwi. Katika matope uzito wa nyuma ulikuwa na thamani kuliko mwendo, na gari hilo la bei nafuu likashinda mwaka 1954, 1957 na 1962.

Ama udongo, huo ulikuwa wa namna mbili, na kila namna ilikuwa na hila yake. Miteremko ya Meru na ya milima jirani imefunikwa na majivu ya volkano ya zamani. Wakati wa kiangazi majivu hayo ni vumbi laini liingialo hata katika saa ya mkononi. Yakilowa huteleza kama sabuni, na gari huenda ubavu mbele bila kumtii dereva. Chini, katika mbuga zilizo kati ya Namanga na Arusha na zile za kuelekea Makuyuni, upo udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hunywa maji ukavimba. Huo hautelezi tu, bali hushika. Hujaa katika magurudumu na chini ya madigadi mpaka gurudumu lisiweze kuzunguka, na mtu ashukaye kusaidia huacha viatu vyake humo. Njia ya kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mbulu ilijipatia jina baya miongoni mwa washindani wa miaka ya 1960, maana ilikuwa na mpando, udongo na maporomoko kwa pamoja.

Tena kulikuwa na vivuko. Mchana dereva aweza kusimama akautazama mto, akakisia kina chake kwa mawe yanayotokeza na kwa mwendo wa maji. Usiku maji yote yana rangi moja. Desturi ilikuwa kwamba mmoja wa wawili ashuke, avue viatu, atangulie kwa miguu katika mwanga wa taa, na mwenziwe apime kina kwa mapaja yake. Kabla ya kuingia walilegeza mkanda wa feni, isije ikarusha maji juu ya distributa na plagi na kuizima injini katikati ya mto. Kazi hizo zote zilikula dakika, na kila dakika ya kuchelewa kituoni ilihesabiwa kuwa adhabu. Kwa urefu wa kilomita kama 5,000, usiku na mchana, na usingizi wa kuokoteza, ilikuwa rahisi kwa mtu mwerevu kufanya la kipumbavu saa tisa za usiku. Wanyama nao walikuwa na njia zao. Erik Carlsson, Mswidi aliyekuwa na sifa kubwa Ulaya, alikuwa akiongoza mwaka 1963 alipomgonga muhanga, mnyama atokaye shimoni usiku tu kutafuta mchwa, na gari lake likaharibika.

Hapa ndipo ifaapo kuwatazama watu wa kando ya njia. Gari likinasa katika udongo mweusi, watu wawili hawawezi kulitoa. Waweza kupunguza upepo wa matairi, kukata matawi na kuyatandika, kufunga minyororo. Magari mengi ya Safari yalifungwa vishikio na vikanyagio nyuma ili msoma ramani asimame hapo na kurukaruka, uzito wake uyasaidie magurudumu. Yote hayo yakishindwa, husalia kusukumwa. Na wasukumaji walikuwapo. Walikuwapo saa nane za usiku, katika mvua, mahali ambapo ramani haikuonyesha kijiji, kwa sababu habari ya magari ilitangulia magari, na kwa sababu mahali palipo pabaya panajulikana kwa wenyeji wake kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Watu kumi au ishirini walilibeba gari zaidi ya kulisukuma. Walijua upande upi wa kijito una mawe chini na upande upi una shimo. Walipewa shilingi kadhaa kupitia dirishani, na gari likaenda zake likiwaachia tope usoni.

Husimuliwa kwamba baadhi yao walichimba mashimo kusudi na kuyajaza maji, ili wapate ujira wa kuyatoa magari. Hadithi hiyo hurudiwa kwa kicheko katika vitabu na mazungumzo ya wapenzi wa Safari, na huenda pengine ilikuwa kweli. Lakini mwanahistoria hana budi kuiweka pamoja na hadithi nyingine isiyochekesha. Chini ya Wajerumani, na chini ya Waingereza baada yao, mtu asiyeweza kulipa kodi ya kichwa alitakiwa kuilipa kwa kazi, na mara nyingi kazi hiyo ilikuwa barabara: kufyeka, kuchonga mifereji, kufukia mashimo, kujenga upya daraja lililochukuliwa na maji. Ikiwa kijana wa mwaka 1960 alichimba shimo moja katika njia akapewa shilingi, baba yake alikuwa amefukia mashimo mia katika njia ile ile asipewe kitu. Tena ni dereva gani awezaye kuapa, katika giza lile, kwamba shimo lililomnasa lilichimbwa na mtu, wala halikuchimbwa na mvua?

Mwaka 1964 Carlsson yule yule alionyesha jinsi mtu awezavyo kujitegemea, kwa kadiri inavyowezekana. Saab yake ilikuwa nyepesi, na ilipozama katika tope yeye na mwenziwe waliibiringisha ubavu kwa ubavu mpaka ikatua mahali pagumu, kisha wakaendelea na safari. Waandishi wa magazeti walikataa kusadiki, naye akaibiringisha tena mbele yao. Alipata nafasi ya pili mwaka huo. Kisa hicho kimesimuliwa duniani kote kwa sababu kilikuwa kigeni kabisa. Jambo la kawaida lilikuwa kusukumwa, nalo halikusimuliwa.

Miaka miwili ndiyo inayotajwa zaidi. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na magari 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yakamaliza tena 7. Nao washindani wale wakaitwa Saba Wasiozama. Ajabu ni kwamba katika miaka yote miwili walioshinda walikuwa watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa gari la namna ile ile, Peugeot 404. Sadfa haitoshi kulieleza jambo hili. Wote wawili walikuwa wakazi wa Afrika Mashariki, waliozijua njia hizi siku ambazo hazikuwa za mashindano. Hivyo ndivyo alivyokuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965 na nduguye Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika, akashinda tena katika matope ya mwaka 1974. Hivyo ndivyo alivyokuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, aliyeshinda pamoja na Chris Rothwell mwaka 1966 na 1967. Mabingwa wa Ulaya walikuja kila mwaka na magari mazuri na mafundi hodari, na hakuna hata mmoja wao aliyepata ushindi mpaka Hannu Mikkola wa Finland mwaka 1972. Wengi hulieleza jambo hilo kwa ujuzi wa udongo. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Dereva mwenyeji alijua pia kuzungumza. Alijua kusalimu kwanza na kuomba baadaye, hata kama adhabu ilikuwa inahesabiwa kwa dakika. Na gari linalosukumwa na watu waliosalimiwa hutoka upesi kuliko lile linalosukumwa na watu waliofokewa kwa lugha wasiyoijua.

Mwaka wa ushindi wa pili wa Shankland, 1967, una uzito wake katika Arusha. Mwezi Februari wa mwaka huo Azimio la Arusha lilitangazwa, likasema kwamba nchi itajengwa kwa jasho la wakulima. Mwezi Desemba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kazi, makao yake yakiwa Arusha. Mwaka huo huo pia kilichapishwa kitabu cha Kirilo Japhet na Earle Seaton juu ya shauri la ardhi ya Meru. Motokaa za Pasaka zilipita kati ya mambo hayo makubwa. Kwa upande mmoja zilikuwa mfano wa umoja, maana palikuwa na mambo machache yaliyowakusanya Wakenya, Waganda na Watanzania kusikiliza redio kwa shauku moja. Kwa upande mwingine ilikuwa vigumu kuipatanisha anasa ile na siasa mpya ya nchi maskini. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalikuwa yamebaki ndani ya Kenya peke yake. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, Jumuiya ikavunjika, na njia ya Namanga ikanyamaza mchana na usiku.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Mashindano hayakufufuka kwa namna ile. Yale ya magari ya zamani yaliyoanzishwa mwaka 2003 yameingia Tanzania mara kadhaa, na Safari yenyewe, baada ya kutolewa katika ubingwa wa dunia mwaka 2002, ilirudishwa mwaka 2021 na kufanyika upande wa Naivasha. Mwaka 2024 ilirejeshwa katika Pasaka, tarehe 28 hadi 31 Machi, na waandalizi walitaja mvua kama sehemu ya mvuto wake. Walakini siku hizi njia hufungwa, mbio nyingi ni za mchana, na magari hulala usiku katika karakana yenye taa za umeme.

Katika Daraja Mbili masika huja kama yalivyokuja daima. Maji ya Meru hushuka usiku, daladala ya mwisho huzama gurudumu moja katika mfereji, na abiria hushuka na kukunja suruali. Vijana wa bodaboda walioegesha pikipiki zao chini ya mabati hutoka, hutazama ni upande upi wenye mawe, kisha humwambia dereva azime taa kali zisiwaumize macho, aweke gia ya kwanza na asubiri mpaka waseme.